Kusamehe si Kukabidhi

Swali tutakalo kulipima hapa ni la zamani kama amana yenyewe. Mtu aliyekabidhiwa mali ya wenziwe akaifanyia hiana, je, ni haki kumzuilia asikabidhiwe tena? Na ikiwa ni haki, azuiliwe na nani, kwa muda gani, na kwa sababu zipi? Tukiwauliza watu barazani, wengine hujibu upesi ya kwamba mzoea kutwaa, kutoa ni vita, wala hakuna haja ya kumjaribu mara ya pili. Wengine nao hujibu upesi vilevile ya kwamba kosa moja haliachi mke, na kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Methali zote hizi tumeachiwa na wazee wetu, na zote zina kweli ndani yake. Walakini hazikati shauri hili, maana kila moja yatazama upande mmoja tu: ya kwanza yamtazama mwizi alivyo leo, na nyingine zamtazama atakavyoweza kuwa kesho. Hakuna hata moja imtazamayo mwenye mali.

Tungeweza kulipima swali hili kwa mfano wa sanduku la chama cha kuzikana, au kwa mali ya yatima iliyo mikononi mwa ami yake. Lakini tumeona vema kuchukua mfano mkubwa zaidi, nao ni akiba za uzeeni za wafanyakazi wa Uingereza. Sababu yetu ni kwamba huko jambo hili limejaribiwa kwa machozi ya watu wengi, kisha likaandikwa katika sheria, na miaka yake na hesabu zake zajulikana. Tena mtu akiisha kuona neno katika mali nyingi, ataliona upesi katika mali chache.

Kwanza yatupasa kufahamu pensheni ni kitu gani. Wengi hudhani ya kuwa ni zawadi ambayo bwana wa kazi humpa mtumishi wake mzee kwa kumhurumia. Sivyo. Pensheni ni mshahara uliocheleweshwa. Mtu afanyapo kazi kiwandani au dukani, sehemu ya ujira wake hukatwa kila mwezi, na mwajiri huongeza sehemu yake, na fedha hizo hutiwa katika mfuko mmoja. Mfuko huo hununua hisa, na majumba, na hati za mikopo ya serikali, ili mali izae. Na mtu akizeeka hulipwa humo mpaka kufa kwake. Sasa mfuko lazima uwe na watu wa kuushika. Watu hao huitwa wadhamini. Mali imeandikwa kwa jina lao, na sahihi yao ndiyo iuzayo na kununua. Lakini si mali yao, wala hawana ruhusa kuitumia kwa faida ya mtu yeyote ila wale wazee na wale watakaokuwa wazee. Na nyuma ya wadhamini wako wakurugenzi wa kampuni iliyowaajiri wafanyakazi. Hao nao, wakiiharibu kampuni, mfuko hupungukiwa, maana hakuna tena wa kuujaza.

Amana ya namna hii ni nyonge kuliko amana nyingine. Mtu aliyemwachia jirani mbuzi wake aweza kupita kila jioni akawahesabu. Mwenye pensheni hana awezalo kuhesabu. Huletewa karatasi, naye huiamini. Aliyeibiwa mahindi shambani aweza kulima tena mvua zikija. Mzee wa miaka 70 hana mvua nyingine ya kungojea. Na hasara yenyewe haionekani siku ile ifanyikapo. Yaweza kukaa miaka mingi imefichwa ndani ya hesabu, hata mwizi akafa kwanza, akazikwa na kusifiwa.

Jambo hilo la mwisho lilitokea hasa mwaka 1991. Robert Maxwell alikuwa tajiri mkubwa wa Uingereza, mchapa vitabu na magazeti, na gazeti lake lililosomwa na watu wengi ni Daily Mirror. Tarehe 5 Novemba mwaka ule alipotea kutoka katika meli yake ya starehe karibu na visiwa vya Canary, na maiti yake ikaokotwa baharini. Akazikwa Yerusalemu kwa heshima kubwa. Hazikupita wiki nyingi ikajulikana ya kuwa zaidi ya pauni milioni 400 zilikuwa zimetoweka katika mifuko ya pensheni ya kampuni zake, na watu wapatao 32,000 hawakujua kama watalipwa haki yao. Tena hakuvunja kufuli yoyote. Hisa zilizokuwa mali ya wazee ziliazimwa kwa kampuni zake mwenyewe, na kampuni hizo zikaziweka rehani benki ili kupata mikopo. Na kampuni iliyozisimamia hisa zile, Maxwell mwenyewe alikuwa mwenyekiti wake. Mkono wa kulia ulikopesha, mkono wa kushoto ukakopa, na mwili ulikuwa mmoja.

Lakini linalotushangaza zaidi ya wizi wenyewe ni hili, kwamba mtu huyu alikuwa amekwisha kupimwa na kuandikwa miaka 20 kabla. Mwaka 1971 wakaguzi waliowekwa na serikali ya Uingereza, baada ya kuichunguza kampuni yake ya vitabu iitwayo Pergamon Press, walitoa taarifa, nao wakasema waziwazi ya kuwa kwa maoni yao hakuwa mtu wa kutegemewa kuwa wakili mwema wa kampuni yenye hisa za watu wote. Maxwell alikwenda mahakamani kulalamika ya kwamba wakaguzi hawakumtendea haki, na mwaka 1974 mahakama ya rufani ikamkatalia. Taarifa ilikuwa imechapwa. Mtu yeyote aliyetaka aliweza kuisoma. Na bado, mwaka 1984 aliuziwa kampuni ya Mirror, na mfuko wa uzeeni wa wafanyakazi wake ukaingia chini ya mkono wake. Hapakuwa na sheria iliyomzuia. Onyo lilikuwapo, lakini halikuwa na bawabu.

Baada ya msiba ule serikali iliweka kamati kulichunguza jambo, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1993. Ikafuata Sheria ya Pensheni ya mwaka 1995. Mamlaka ya kwanza ya kusimamia ilianza kazi mwaka 1997, na tangu mwaka 2005 kazi hiyo imekuwa ya mamlaka nyingine, yenye makao yake katika mji wa Brighton. Sheria humzuia mtu kwa njia mbili. Njia ya kwanza haina haja ya shauri jipya: mtu aliyehukumiwa kwa kosa la udanganyifu, au muflisi ambaye bado hajafunguliwa na mahakama, au mtu aliyekatazwa kuwa mkurugenzi wa kampuni, hawezi kuwa mdhamini, na kama alikuwa mdhamini tayari, kazi ile yamtoka mara moja. Njia ya pili ni ya kupimwa: mamlaka ikiona ya kuwa mtu fulani hafai kuishika amana, yaweza kumpiga marufuku, na jina lake likaandikwa katika daftari la waliokatazwa. Atakayejifanya mdhamini baada ya hapo ametenda kosa la jinai, naye hutozwa faini au hufungwa.

Kwa wakurugenzi iko sheria nyingine, ya mwaka 1986. Kampuni ikianguka kwa madeni, na mahakama ikaona ya kuwa mkurugenzi wake kwa matendo yake hafai kuendesha kampuni, lazima imzuie kwa muda usiopungua miaka 2 wala usiozidi miaka 15. Akivunja amri hiyo aweza kufungwa hadi miaka 2, na madeni ya kampuni aliyoiendesha kinyume cha amri yaweza kudaiwa kwake mwenyewe.

Wala jambo hili si la ng'ambo tu. Kenya nayo, katika sheria yake ya mafao ya uzeeni ya mwaka 1997, hukataza kuwa mdhamini mtu aliyehukumiwa kifungo cha miezi 6 au zaidi, na muflisi, na yule aliyeshiriki kuuendesha mfuko uliofutwa kwa makosa ya waendeshaji wake. Basi wasomaji wetu walio na wana wao kazini Mombasa au Nairobi, wakikatwa fedha kila mwezi, wajue ya kuwa ua wa namna hiyohiyo umejengwa kuwazunguka wao pia.

Sasa tuyapime maneno ya wenye kuupinga ua huu, maana si maneno ya kipumbavu.

Neno la kwanza ni hili: mtu aliyekwisha kufungwa na kumaliza kifungo chake amelipa deni lake. Akitoka akakuta kazi fulani zimefungwa kwake, je, si kumwadhibu mara mbili kwa kosa moja? Twajibu ya kwamba adhabu na kizuizi ni vitu viwili, ijapokuwa vyote viwili huuma. Adhabu hutazama nyuma, hupima uzito wa kosa, na mwisho wake ni mtu kulipa alichokosa. Kizuizi hutazama mbele, hupima hatari, na mwisho wake ni mtu mwingine kupona. Mwenye macho mabovu akinyimwa ruhusa ya kuendesha gari la abiria, hatusemi ameadhibiwa kwa macho yake. Twasema abiria wamelindwa. Hata hivyo, tusijidanganye tukasema kizuizi si kitu. Mtu aliyeandikwa katika daftari la waliokatazwa amepoteza jina, na pengine riziki. Kwa kuwa kinauma kama adhabu, basi yapasa kitolewe kwa uangalifu uleule wa adhabu: mtu aambiwe sababu, apewe nafasi ya kujibu, na ahukumiwe na watu wasio wale waliomshitaki. Katika mamlaka ya Uingereza wachunguzi ni wengine, na baraza la kukata shauri ni jingine, na asiyeridhika aweza kukata rufani mahakamani. Bila hayo, kizuizi chaweza kuwa silaha ya mwenye chuki.

Neno la pili ni zito zaidi, nalo latugusa sisi tuliofundishwa kusamehe. Wasema: mkosaji akitubu kwa kweli, nanyi mkasema mmemsamehe, mbona hammrudishii kazi yake? Msamaha gani huo usiofungua mlango?

Hapa ndipo lilipo fundo la swali letu, na twaomba msomaji atusikilize kwa utulivu. Kusamehe ni tendo la aliyekosewa. Ni yeye aliyepotewa na kitu, na ni yeye awezaye kusema, Nimeachilia. Mimi nikiibiwa kuku nikamsamehe mwizi, nimetoa kilicho changu. Lakini nikimsamehe mwizi wa kuku wa jirani yangu, nimetoa nini? Sikutoa kitu, nimejipatia sifa ya huruma kwa mali ya mtu mwingine. Sasa mwenye kuchagua mdhamini hashiki mali yake mwenyewe. Ashika mkate wa mjane aliyefagia ofisi miaka 30, na wa mchapaji ambaye vidole vyake vimepinda kwa kazi, na wa kijana ambaye leo ana miaka 20 wala haijui hata hesabu ya mfuko wake. Akisema, Tumempa mtu huyu nafasi nyingine, yatupasa kumwuliza: Nafasi hiyo umeitoa katika mfuko wa nani? Kama ni katika mfuko wako, Mungu akuzidishie wema. Kama ni katika mfuko wa wasiokuwapo, hukusamehe, bali umecheza kamari kwa fedha zao.

Tena kusamehe na kukabidhi havifanyiki kwa kipimo kimoja. Msamaha hutolewa pasipo kustahili, na hapo ndipo ulipo uzuri wake. Anayengoja mpaka mkosaji astahili hajasamehe bado. Amana haitolewi pasipo kustahili hata siku moja, hata kwa mtu asiye na kosa. Kijana mwema asiyejua hesabu hatumkabidhi mfuko, wala hatumhesabii dhambi. Basi kumnyima mtu amana si kumwambia kwamba ni mwovu. Ni kumwambia kwamba hatujaona bado ithibati ya kutosha kuhatarisha mali ya watu kwa ajili yake. Twaweza kula naye, kumzika baba yake, kumpa kazi nyingine ya mikono au ya akili, kumsikiliza katika baraza, na kumwita ndugu kwa moyo mweupe. Na funguo za sanduku zikakaa kwa mwingine. Aliyetubu kwa kweli huyaelewa haya kuliko sisi. Asiyetaka kurudi kwa njia yoyote ila kwa kushika funguo, yafaa tujiulize alichokuwa akikitamani.

Neno la tatu lahusu muflisi. Mtu aweza kufilisika pasipo hiana yoyote: duka likateketea, bei ya mazao ikaanguka, mshirika akakimbia na fedha. Mbona sheria imweke mtu huyu pamoja na mdanganyifu? Neno hili lina haki ndani yake, na sheria yenyewe imelikubali kwa sehemu. Huko Uingereza muflisi kwa kawaida hufunguliwa baada ya mwaka mmoja, na kizuizi chake cha udhamini kikaisha. Mwaka huo mmoja twaona una maana. Mtu anayebanwa na wadai asubuhi na jioni, ukimkalisha kando ya sanduku lililojaa, umemtwisha jaribu lisilo la lazima. Kumwondoa hapo kwa muda ni kuwalinda wazee, tena ni kumlinda yeye mwenyewe. Aibu iko pale tu watu wasipotofautisha, wakamnong'onea muflisi wa bahati mbaya kama wamnong'oneavyo mwizi. Hilo si kosa la sheria. Ni kosa la ndimi zetu.

Neno la nne lasema: kizuizi huja baada ya hasara, basi kina faida gani? Tutazame habari ya maduka ya BHS, yaliyoanza Uingereza mwaka 1928. Mwezi wa Machi 2015 mwenye kampuni, Philip Green, aliiuza kwa pauni moja tu kwa kampuni iliyoongozwa na Dominic Chappell, mtu aliyewahi kufilisika na asiye mzoefu wa biashara ya maduka. Mwezi wa Aprili 2016, mwaka mmoja na kitu baadaye, kampuni ilianguka. Watu 11,000 walipoteza kazi, na mfuko wa pensheni ukaonekana umepungukiwa na pauni milioni 571. Mwaka 2017 Green alikubali kulipa pauni milioni 363 kwa ajili ya pensheni zile. Mwaka 2018 Chappell alitiwa hatiani kwa kukataa kuipa mamlaka ya pensheni habari ilizodai. Mwaka 2019 akakatazwa kuwa mkurugenzi kwa miaka 10. Na mwaka 2020 akaamriwa kuilipa mifuko ya pensheni pauni milioni 9.5. Tazameni tarehe. Maduka yalifungwa mwaka 2016. Kizuizi kilikuja mwaka 2019.

Ni kweli basi, kizuizi hakirudishi ng'ombe waliokwisha kuliwa. Hufunga zizi kwa ajili ya ng'ombe waliobaki. Si kitu kidogo hicho: ikiwa mlango ungalifungwa mwaka 1971, wale 32,000 wa mwaka 1991 wasingalilala macho. Lakini habari ya BHS yatuonya tusiitegemee sheria kupita kiasi. Sheria humkamata yule aliyekwisha kujulikana. Kabla hajajulikana, kinga ni macho ya walio karibu naye. Na tangu habari ya Maxwell twajua ya kuwa macho peke yake hayatoshi kama hakuna ujasiri.

Maana iko aina nyingine ya watu ambao hatujawataja, nao ni wengi kuliko wezi. Ni wale waliotia sahihi. Katika habari ya Maxwell, mkurugenzi mmoja wa kampuni iliyosimamia pensheni alitia sahihi hati za kuhamisha hisa pasipo kuuliza zaenda wapi na kwa malipo gani. Alidhani ya kuwa sahihi iliyotangulia, ya mkurugenzi mwenziwe, yatosha. Mahakama ya rufani mwaka 1993 ilikataa udhuru huo, ikasema alikuwa na wajibu wa kuuliza. Msomaji, fikiri habari hii. Hakuna aliyesema mtu huyo alitia fedha mfukoni mwake. Aliamini wenziwe, na kuamini wenzi, nyumbani kwetu, twakuita wema. Lakini mdhamini hakuwekwa pale ili awaamini wenziwe. Aliwekwa pale ili wazee wapate kumwamini yeye. Akiitoa imani ile kwa mwingine pasipo kuuliza, ametoa kisicho chake, sawasawa na yule asameheye kwa mfuko wa jirani.

Basi kizuizi cha haki hakiwahusu wezi tu. Chawahusu pia wavivu wa kuuliza na waoga wa mkubwa. Wengine husema ukali huu utawatisha watu wema, wakatae kuwa wadhamini, na kazi ibaki kwa wasio na haya. Ni hatari ya kweli, hasa kwa kuwa sheria ya Uingereza yataka angalau theluthi moja ya wadhamini wateuliwe na wanachama wenyewe, na wengi wa hao ni wafanyakazi wa kawaida, si mabingwa wa fedha. Dawa yake ni kupambanua. Aliyenunua hisa kwa shauri jema, na bei ikaanguka, hakufanya hiana. Hata mkulima hodari huvuna pungufu mwaka wa ukame. Aliyeuliza akadanganywa kwa werevu, naye si mkosaji sawa na asiyeuliza kamwe. Watu wema hawana haja ya kuambiwa kwamba hawatakosea. Wana haja ya kujua ya kuwa watapimwa kwa uaminifu na bidii yao, si kwa bahati yao.

Yamebaki maneno machache kuhusu muda na kurudi. Kizuizi kisicho na mwisho kwa kila kosa ni dhuluma, kwa kuwa chamwambia mtu kwamba hawezi kubadilika hata akitenda nini. Kizuizi kinachoisha chenyewe kwa kila kosa ni upumbavu, kwa kuwa miaka ikipita haimbadilishi mtu kwa kupita tu. Sheria ya Uingereza imejaribu kusimama katikati. Hatia nyingine, baada ya miaka iliyowekwa, huhesabiwa zimekwisha, na kizuizi kilichotoka kwazo hukoma. Aliyepigwa marufuku aweza kuomba afunguliwe. Mkurugenzi hupewa miaka kwa kadiri ya uzito wa matendo yake, 2 au 5 au 12. Twaona ni njia ya busara, tukiongeza mambo mawili. La kwanza, mwenye kurudi asiwe yeye mwenyewe mwamuzi wa toba yake, bali waamue wengine kwa kuyatazama matendo yake. La pili, arudi kwa kidogo kwanza, mahali ambapo wenye mali wapo, wanajua habari yake, na wamekubali kwa kinywa chao wenyewe. Hapo msamaha na amana vyaweza kukutana pasipo kumdhulumu mtu, maana wanaohatarisha mali ni wenye mali.

Huenda msomaji atasema, Haya yote ni ya wakubwa wa London. Sisi twashika vijisanduku vya shilingi chache. Naam, lakini sanduku dogo lina mjane wake pia. Kila mwaka twachagua watunza hazina wa vyama vyetu, na mara nyingi twachagua kwa haya: kwa kuwa fulani atakasirika akipitwa, au kwa kuwa ni mtu wa ukoo mkubwa, au kwa kuwa yale ya zamani yamesahauliwa na si vizuri kuyafufua. Tukumbuke taarifa ya mwaka 1971. Haikukosekana elimu juu ya mtu yule. Alikosekana wa kusimama na kusema hapana. Kusema hapana kwa upole, mbele ya mtu tunayempenda, kwa ajili ya watu ambao hawamo mkutanoni, ni kazi ngumu kuliko kusamehe. Walakini yeye aliyeitwa kuchagua ameitwa kwa kazi hiyo, na wazee watakaokula au kulala njaa kwa neno lake hawatapata nafasi ya pili ya kumwomba alifikiri tena.